Ngozi Ina Mwelekeo Wake: Kwa Nini Njia ya Kisu Ni Muhimu

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Ahero, Kaunti Ndogo ya Nyando, na daktari mpasuaji mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii, wakulima wa mpunga, akina mama na wahudumu wa bodaboda.



Nimeombwa nizungumze kuhusu vidonda, makovu na upasuaji. Katika kazi yangu, swali ninaloulizwa zaidi siku ya kutoa nyuzi si, "Daktari, nimepona?" Ni hili: "Daktari, hili kovu litaisha?" Msichana huuliza kwa sababu ya uso wake. Mkulima huuliza kwa sababu mkono wake haunyooki. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huuliza kwa sababu jirani yake alikatwa kwa njia nyingine na kovu lake halionekani. Wote wanauliza jambo moja, na jibu lake linaanzia kwenye kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kuambiwa: ngozi ina mwelekeo.

Nianze na leso. Mama zetu wawili hapa mbele wamekubali kunisaidia na leso kuukuu. Mmoja ameshika ncha hii, mwingine ile, na wanaivuta iwe imekaza. Sasa ninachukua makasi na kukata mkato mdogo unaofuata upande ule wanaovutia. Mnaona? Ni mstari tu, karibu usiuone. Sasa ninakata mwingine wa urefu ule ule, lakini huu unapita katikati ya mvuto, kutoka upindo huu kuelekea ule. Tazameni. Umefunguka kama mdomo.

Leso ni ile ile. Makasi ni yale yale. Urefu wa mkato ni ule ule. Kilichobadilika ni mwelekeo peke yake. Mkiondoka hapa na jambo moja, ondokeni na hilo.

Ngozi yetu ni leso iliyovutwa. Haijalegea juu ya mwili kama shuka juu ya kitanda. Ndani yake mna nyuzi ngumu zinazoitwa kolajeni, zinazoipa nguvu, na nyuzi za elastini, zinazoirudisha mahali pake ukiivuta. Nyuzi hizo hazikutawanyika ovyo. Kila sehemu ya mwili ina upande ambao ngozi imevutwa zaidi. Mstari unaofuata upande huo ndio tunaouita mstari wa mvuto wa ngozi. Mkato unaoufuata mstari huo hubaki mwembamba na kingo zake hukutana bila kulazimishwa. Mkato unaoupinga huachama, nyuzi za kushonea hubeba mzigo mkubwa, na kovu hupanuka.

Jichunguzeni wenyewe

Hamhitaji mashine kuiona mistari hii. Inueni nyusi, kama mtu aliyesikia bei ya mbolea. Mguse paji la uso. Mikunjo imelala kutoka upande huu wa kichwa hadi ule. Msuli ulioko chini yake huvuta juu na chini, na mikunjo huupita kwa upande. Hiyo ni kanuni ya sehemu nyingi za mwili: msuli ukivuta huku, mikunjo hulala ikiupita msuli.

Tabasamuni. Kuna mkunjo unaotoka kando ya pua ukishuka hadi pembe ya mdomo. Kazeni macho kama mnatazama jua likiakisiwa na maji ya mashamba. Mikunjo inasambaa kutoka pembe ya jicho kama miale. Inamisheni kichwa, mguse shingo. Mikunjo inaizunguka shingo kama ushanga. Ndiyo maana huwa nawaambia madaktari wanafunzi kwamba uso wa mzee ni ramani. Kijana ana mistari ile ile, ila yake bado haijachorwa.

Pale pasipo na mkunjo, tunafinya. Kunjeni mkono kidogo, kisha mfinye ngozi ya ndani ya kiwiko kwa vidole viwili, hivi kwamba mkunjo ulale kuupita mkono. Unakuja kwa urahisi, mrefu na ulionyooka. Sasa finyeni upande mwingine, mkunjo ufuate urefu wa mkono. Unakataa, au unakuja ukiwa umepinda. Ngozi imewajibu. Daktari anayekufinyafinya kabla ya upasuaji anaiuliza ngozi swali hilo hilo.

Na akichukua kalamu akakuchora kabla ya kukudunga sindano ya ganzi, usimwone kama anayechelewesha kazi. Dawa ya ganzi huivimbisha ngozi na kuificha mikunjo. Ukishavimba, ramani imefunikwa.

Maarifa haya yalitoka wapi

Mwaka 1834, daktari mpasuaji mashuhuri wa Paris, Guillaume Dupuytren, aliandika kuhusu mtu aliyejidunga kwa chombo chenye ncha ya mviringo, kama sindano kubwa ya mshona viatu. Chombo kilikuwa cha duara, lakini vidonda havikuwa vya duara. Vilikuwa vyembamba na virefu, kama vimekatwa kwa kisu.

Mwaka 1861, mjini Vienna, mwanaanatomia Karl Langer alilifuata jambo hilo mpaka mwisho. Alitoboa ngozi za maiti kwa chombo cha duara, tundu baada ya tundu, mwili mzima. Kila tundu lilijivuta likawa mfano wa jicho lililofumbwa nusu. Alipoyaunganisha matundu hayo, alipata mistari inayozunguka mwili wote, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Baadaye Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo, aliwahimiza wapasuaji waitumie mistari hiyo. Mtu akitolewa rovu leo, mkato hupita shingoni kama ushanga, juu ya mkunjo wake mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja, unaweza kukaa naye meza moja usijue.

Lakini maiti hakunji uso wala hanyanyui jembe. Kwa hiyo wengine walirudi kwa watu walio hai. Mwaka 1951 Kraissl alisema tufuate mikunjo inayopita misuli. Mwaka 1962 Borges na Alexander waliandika kuhusu mistari inayoonekana ngozi ikiwa imetulia na kufinywa, kama mlivyofanya sasa hivi. Mara nyingi ramani hizi zinakubaliana. Zikitofautiana, hasa usoni, tunaifuata ngozi ya mtu aliye mbele yetu.

Kosa langu mwenyewe

Nisiwaonyeshe kana kwamba nilizaliwa nikiyajua haya. Nilipokuwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja, alikuja mkulima wa mpunga akiwa na jipu kubwa ndani ya kiwiko cha mkono wa kulia. Alikuwa na homa na maumivu. Usiku ulikuwa mkubwa. Nilichukua kisu nikapasua kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja ulionyooka, nikivuka mkunjo wa kiwiko moja kwa moja. Usaha ukatoka, homa ikashuka, akanishukuru, nikajiona nimefanya kazi.

Baada ya miezi mitatu alirudi. Jipu lilikuwa limepona kabisa. Lakini pale nilipopitisha kisu palikuwa na kovu gumu kama kamba chini ya ngozi, na mkono ulikuwa umekunjika haunyooki. Aliniambia kwa upole, "Daktari, mundu naushika, lakini mpunga siufikii." Msimu wa kuvuna ulikuwa umempita. Alikuwa amelipa watu wamvunie, na faida ikaishia kwao.

Kovu lolote hujikaza linapokomaa. Ndivyo mwili unavyofunga kidonda. Kovu linalolala juu ya mkunjo wa kiungo likijikaza, halizuii kitu. Kovu linalouvuka mkunjo likijikaza, huvuta mifupa miwili ikaribiane, kama kamba fupi iliyofungwa kwenye mlango. Kama ningepasua kwa kuufuata mkunjo, au kuuzunguka, usaha ungetoka vile vile na mkono ungenyooka.

Mwalimu wangu ndiye aliyemrekebisha, mimi nikiwa msaidizi. Alichora juu ya kovu herufi Z. Mstari wa kati wa Z ni kovu lenyewe. Ile mistari miwili ya pembeni hutoa vipande viwili vya ngozi vya pembetatu, ambavyo hubadilishana nafasi. Kinachotokea ni kama hesabu ya shuleni: pembe zikiwa za nyuzi 60, kovu la sentimita 4 linaweza, kwa hesabu, kuwa na urefu wa sentimita 7. Na mstari wa kati, uliokuwa ukiuvuka mkunjo, sasa umegeuka na kulala pamoja nao. Mkulima huyo alirudi shambani. Mimi tangu siku hiyo sijapasua jipu la kiungo bila kwanza kumwambia mgonjwa akunje mkono.

Mikato miwili ya uzazi

Akina mama, hili linawahusu. Mwaka 1879, msafiri Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia mama akijifungua kwa upasuaji huko Kahura, Bunyoro, katika nchi ambayo leo ni Uganda. Wapasuaji walikuwa wenyeji. Walimpa mama pombe ya ndizi, wakaosha mikono yao na tumbo lake kwa pombe hiyo hiyo, wakapasua mara moja kutoka kinenani hadi chini ya kitovu. Kidonda walikifunga kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, wakazungushia uzi wa gome la mti. Felkin aliyaandika hayo mwaka 1884, na kwa maelezo yake mama na mtoto walipona.

Nawataja kwa heshima. Walijua kuosha, walijua kufanya haraka, na walijua kwamba mkato wa namna ile unahitaji kushikiliwa kwa nguvu. Kwa nini misumari ya chuma? Kwa sababu ngozi ya tumbo imevutwa kwa upande, kutoka kiuno hadi kiuno. Mkato unaoshuka wima unakatiza mvuto huo, kama mkato wa pili kwenye leso yetu.

Mwaka 1900, daktari Mjerumani Hermann Johannes Pfannenstiel aliueleza mkato mwingine, unaolala kwa upande juu kidogo ya mfupa wa kinena, ukiufuata mkunjo wa tumbo. Ndio mkato ambao wengi wenu mliojifungua kwa upasuaji mnao. Kwa kawaida maumivu yake ni madogo kuliko ya ule wa wima, na kovu lake hujificha.

Hata hivyo, ukikuta umepasuliwa wima, usikimbilie kusema daktari alikosea. Mama anapovuja damu nyingi, au tumbo linapohitaji kuchunguzwa lote juu na chini, mkato wa wima hufungua njia haraka na kwa upana. Vivyo hivyo, uvimbe wa mkononi au mguuni unaoshukiwa kuwa saratani huchunguzwa kwa mkato unaofuata urefu wa kiungo, ili baadaye sehemu yote iliyoguswa iweze kuondolewa pamoja. Uhai kwanza, kazi ya kiungo pili, kovu tatu. Daktari mzuri anaijua mistari, na anajua pia ni lini aivuke. Tatizo ni kuivuka bila kujua, kama nilivyofanya mimi.

Kuna lalamiko jingine ninalolisikia: "Doa lilikuwa dogo kama punje ya maharagwe, mbona kovu ni refu?" Tukiondoa doa pamoja na ngozi yake, hukata umbo la jicho au mtumbwi, ambalo urefu wake ni karibu mara tatu ya upana. Tukikata duara na kulishona, ngozi hujikusanya kwenye ncha mbili ikasimama kama masikio ya mbwa. Kovu refu na jembamba lililolala kwenye mkunjo halionekani kama lile fupi, nene, lililosimama.

Mundu haukuulizi mwelekeo

Mtaniambia, "Daktari, hayo ni ya chumba cha upasuaji. Sisi hukatwa na mundu, plau, bati la nyumba, na lami ya barabara ya Kericho." Ni kweli. Ajali haichagui mstari. Lakini yale yanayofanyika baada ya ajali yako mikononi mwetu.

Kwanza, kidonda kinachoachama si lazima kiwe kirefu kwenda chini kuliko kile kilichofumba. Huenda kimekatiza mistari tu. Na kile chembamba kisichoachama kinaweza kuwa kimekata mshipa wa fahamu au ukano chini yake. Kwa hiyo msipime hatari kwa mdomo wa kidonda. Ukikatwa mkononi, jaribu kukunja na kunyoosha kila kidole, na ujiguse ncha za vidole kama zina hisia. Kidole kimoja kikikataa, nenda hospitalini hata kama kidonda ni kidogo.

Pili, oshea kidonda kwa maji safi mengi yanayotiririka, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha uje. Usitie mafuta ya taa, masizi ya betri, tumbaku, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Matope ya mashamba yetu na samadi hubeba vijidudu vya pepopunda, kwa hiyo uliza kuhusu chanjo yake kila mara.

Tatu, njoo mapema, siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa sita. Ukija kesho kutwa na kidonda chenye matope, huenda tukakataa kukishona siku hiyo. Watu hukasirika, husema wamepuuzwa. Lakini kushona uchafu ndani ni kufuga usaha. Tutakisafisha, tukiache wazi, na kama kimekuwa kisafi tutakishona baada ya siku tatu hadi tano. Ni matibabu kamili.

Nne, rudi utolewe nyuzi kwa wakati. Usoni ni karibu siku tano, kwa sababu uzi ukikaa sana huacha alama kama reli. Kiwiliwili ni siku saba hadi kumi. Mikono, miguu na viungo, ambako mvuto ni mkubwa, ni siku kumi hadi kumi na nne. Wahamasishaji, hili ni la kuandika kwenye daftari zenu.

Na nyuzi zikishatoka, kidonda hakijawa na nguvu unayodhani. Hata wiki ya tatu, hakijafikia nusu ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Kikikomaa hufika karibu asilimia 80, na hakizidi hapo. Kwa hiyo kijana aliyeshonwa goti akarudi kwenye pikipiki siku ya kumi na tano, au mama aliyeshonwa mgongo akabeba debe la maji, anaivuta leso kabla uzi haujashika. Hapo kovu hupanuka, na daktari hulaumiwa.

Mtoto aliyeungua

Sasa nizungumze juu ya jambo linaloniumiza moyo kuliko yote. Moto na maji moto haviachi mkato. Huacha uwanja mzima wa kovu, unaojikaza pande zote. Mtoto akimwagikiwa na uji moto kuanzia kidevuni hadi kifuani, au kwenye kiganja, mistari yote ya shingo na vidole inavukwa kwa wakati mmoja.

Mama kwa huruma humwacha mtoto alale na shingo imeinama na mkono umekunjwa, kwa sababu hapo ndipo anapotulia. Wapendwa, kwa kidonda cha moto, mkao wa starehe ndio mkao wa kilema. Shingo iliyoungua hulazwa bila mto, kichwa kikiwa nyuma kidogo. Kiwiko kilichoungua ndani hunyooshwa. Vidole hufungwa kimoja kimoja, visigusane, la sivyo vitashikana. Wakati mwingine tunaweka kibao, na kila siku kiungo hufanyishwa mazoezi, mtoto akilia. Ni uchungu wa wiki chache dhidi ya mkono usioshika kalamu.

Na siku ya ajali yenyewe, mimina maji safi ya kawaida juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si yai, si unga. Kisha mfunike kwa kitambaa safi mkimbie.

Ikiwa kovu limeshakaza kiungo, bado kuna njia. Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa kurekebisha maumbile, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika tunalolijua leo kama Amref, wakianza na ndege za kuwafikia watu wa vijijini Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya kazi ya madaktari wa namna hiyo ni makovu kama haya: kuyafungua, kuyageuza kwa mkato wa Z, na kupandikiza ngozi. Kazi hiyo inafanyika hata leo, hapa kwetu Kisumu pia. Msimfiche mtoto nyumbani mkidhani ndiyo basi.

Kovu linalokua

Wengine mmeniuliza kuhusu keloidi, kovu linalokua likavuka mipaka ya kidonda. Sisi watu wa ngozi nyeusi huipata zaidi, hasa kati ya miaka 10 na 30, na mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Angalieni inapopenda kukaa: katikati ya kifua, mabegani, juu ya mgongo, ambako ngozi imevutwa daima. Kwenye kope, ambako ngozi imelegea, ni nadra mno. Mvuto ni sehemu ya sababu, ingawa si yote, maana ndewe ya sikio haijavutwa na bado huipata baada ya kutogwa.

Keloidi si uchawi, na haiambukizi. Lakini ikikatwa peke yake, mara nyingi hurudi, na pengine kubwa kuliko ya kwanza. Hutibiwa kwa sindano za dawa ya stiroidi ndani ya kovu, kwa kubana, kwa vibandiko vya silikoni, au kwa kukata pamoja na tiba nyingine. Kama nyumbani kwenu kuna mwenye keloidi, mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote, na ufikiri mara mbili kabla ya kumtoga binti masikio. Na msimpe nafasi anayeahidi kuichoma kwa kemikali sokoni.

Kwa kovu la kawaida, kuweni na subira. Huwa jekundu au jeusi na gumu miezi ya mwanzo, kisha hulainika hadi mwaka mmoja au zaidi. Lipakeni mafuta na kulisugua taratibu likishafunga vizuri, mlifunike dhidi ya jua. Kama halizuii kiungo, hatulirekebishi kabla halijakomaa. Wazee, mna bahati: ngozi yenu imelegea, kwa hiyo makovu yenu hupona membamba kuliko ya wajukuu.

Maswali matatu

Nimalize kwa kuwapa haki yenu. Upasuaji ukiwa si wa dharura, una nafasi ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi. La kwanza: "Daktari, mkato utapita wapi na kwa mwelekeo gani?" La pili: "Kuna sababu ya kupita hapo na si kwenye mkunjo?" La tatu: "Baada ya hapo, nikae namna gani na nisibebe mzigo kwa muda gani?" Hakuna daktari mwenye adabu atakayekasirika. Yule mkulima wangu hakuniuliza kitu, na mimi sikujiuliza. Laiti mmoja wetu angeuliza, angevuna mpunga wake mwenyewe mwaka ule.

Wahamasishaji, mkirudi vijijini, chukueni leso. Watu wawili waivute, mkate mara mbili. Hamtahitaji maneno mengi.